Mwaka Ng'ombe Waliporudi

Tulipomzika Baba Mdogo Shija mwezi uliopita pale Tinde, wajukuu zake walifanya kama desturi inavyowaruhusu: walimwigiza marehemu. Kwetu mjukuu ndiye mtani wa kwanza wa babu yake, na siku ya msiba hakuna wa kumfunga mdomo. Mmoja alivaa kofia ya marehemu, akajitanda shuka lake, akasimama kwenye lango la zizi akipunga mikono kwa furaha na kupaza sauti: "Karibuni jamani, piteni tu, msiogope!" Wenzake wanne wakaingia zizini kwa magoti na viganja, wakilia kama ng'ombe. Waombolezaji walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nami nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikalia kilio ambacho hakikuwa cha Baba Mdogo hata kidogo, Mungu anisamehe. Nilikuwa naulilia mwaka mmoja wa utoto wangu, mwaka ambao mchezo ule wa wajukuu ulitokea kweli, ng'ombe wakiwa ng'ombe wa kweli, na aliyekuwa akigombewa nikiwa mimi.

Sitaeleza kwa nini baba na mama waliachana. Sikuambiwa, na nilipofika umri wa kuuliza niliona heri nisijue. Inatosha kusema kwamba waliachana mbele ya wazee, bila matusi, na mama akaondoka na sanduku lake la bati akaenda Geita, ambako rafiki yake alikuwa akiwapikia wachimbaji wa dhahabu. Mimi nikabaki Tinde na baba na bibi. Nilikuwa na miaka kumi, mwembamba, mwenye maswali mengi na kamasi kidogo. Leo nimepita sitini, nimefundisha watoto wa watu kusoma hadi nikastaafu, na nilichobaki nacho ni magoti mabovu na mdomo usioogopa mtu. Lakini nikisikia gari kubwa likibadili gia mbali barabarani, bado nainua kichwa kutazama linatokea upande gani. Tabia hiyo niliipata mwaka ule na sijaweza kuiacha.

Mambo yalianza na karatasi. Mama alikwenda kwa hakimu wa upande wa Geita, akasema mtoto wa kike anamhitaji mama yake, hakimu akakubali na kugonga muhuri. Mwezi wa tatu akaja kunichukua, ameongozana na tarishi wa mahakama aliyevaa kaptura ya kaki na viatu vilivyomzidi. Baba alikuwa mpimaji wa pamba wa chama cha ushirika, mtu mpole aliyeheshimu chochote chenye muhuri. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akamrudishia tarishi, akaniambia, "Kabula, kachukue nguo zako." Aliyegoma ni bibi. Alikaa chini mlangoni, akainyoosha miguu yake mirefu kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili, na kwetu mtoto haruki miguu ya mtu mzima, wala mkwe haruki miguu ya mama mkwe. Mama akapiga magoti pale nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanamke anayekuja kuchukua mtoto na kuondoka bila kunywa hata uji, amefundwa na nani?"

Basi tukanywa uji. Ulikuwa uji wa uwele, mzito, wenye ukwaju, na tuliunywa sote kimya uani kwetu, baba, mama, bibi, mimi na tarishi, ambaye aliomba aongezwe. Nakumbuka nilivyoomba moyoni sufuria lisiishe. Nilikuwa nimemkumbuka mama kwa mwaka mzima, nilikuwa nimelala na kitambaa chake cha kichwa chini ya mkeka, na sasa alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, lakini nilichotaka ni kwamba asinipeleke popote, akae tu hapo hapo anywe uji. Uji ukaisha. Bibi akaikusanya miguu yake, polepole, mmoja kisha wa pili.

Chumba cha mama kule Geita kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Mbele kulikuwa na meza mbili za mbao na mabenchi, nyuma kitanda cha kamba, sanduku la bati, madebe ya maji na mimi. Kutwa nzima ulisikia wanaume wakitwanga mawe kwa vyuma huko mabondeni, na mchana walikuja kula wakiwa weupe kwa vumbi hadi kope. Kulikuwa na watu wa kila pembe ya nchi, Wakristo kwa Waislamu, na wote walimwita mama jina moja, Mama Kabula. Mama Kabula, ongeza mchuzi. Mama Kabula, leo hawa samaki wako, furu, wana mchanga. Mimi nilikaa nyuma ya kanga nikimenya viazi vitamu na kusikiliza maneno ambayo mtoto wa mpimaji pamba hakupaswa kuyasikia: nani ameingia kwenye duara, maana ndivyo walivyoyaita mashimo yao, akatoka mikono mitupu, nani ameota dhahabu akaamka akaanza kuchimba chini ya kitanda chake. Nilijifunza kutukana kwa lugha tatu. Nilijifunza pia kula nikiwa nimekaa kitandani, jambo ambalo bibi angelisikia angezimia.

Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nalia. Watu wazima hudhani mtoto hawezi kuyafanya yote mawili kwa siku moja. Asubuhi mama alinifuma nikicheka na wachimbaji, na jioni, wakati wa kuwasha taa ya kibatari, niligeukia ukutani kwa sababu ilikuwa saa ambayo baba alikuwa akiwasomea majirani gazeti la wiki iliyopita, akitia madoido, na bibi akimkatiza kila mstari. Siku moja nilimsikia mama akizungumza na rafiki yake, Mama Zuhura, mwanamke wa Tabora aliyemkaribisha pale.

"Anamlilia bibi yake," mama alisema. "Anageukia ukutani, anafikiri simsikii."

"Mpe muda, dada. Mtoto huzoea."

"Nampa. Lakini akizoea na mimi nikamzoea, halafu wakaja kumchukua, mimi nitazoea nini?"

Nilisikia tu kisu kikikata vitunguu upande wa pili wa kanga. Nilijilaza, nikaapa sitalia tena, na kwa siku nane sikulia.

Mwezi wa sita baba alikuja na karatasi yake. Alikuwa amekwenda kwa hakimu wa upande wa Shinyanga, akaeleza kwamba mtoto anasoma Tinde, ana bibi, ana ukoo, na hakimu huyo naye akakubali na kugonga muhuri. Geita wakati ule ilikuwa mkoa wa Mwanza, sisi mkoa wa Shinyanga, na inaonekana mahakimu wale wawili hawakuwa na habari za kila mmoja. Baba alifika saa ya chakula. Mama alimkaribisha kama mgeni mwingine yeyote, akamnawisha mikono, akamwekea ugali na furu, na pilipili pembeni kwenye kisahani, kwa sababu hakuwahi kupenda pilipili iliyochanganywa. Alikula yote. Kisha karatasi mbili zikawekwa mezani katikati ya sahani chafu, na wachimbaji wanaojua kusoma wakainama kuzisoma.

"Zote za serikali moja," alisema mzee mmoja wa Kigoma. "Na zote zina muhuri. Sasa huyu mtoto mnataka tumkate?"

Watu walicheka, kisha wakaona hakuna mwenye mtoto anayecheka. Mama alizitazama tarehe. Ya baba ilikuwa ya karibuni zaidi. Akasema, "Mpeleke. Lakini haijaisha, Baba Kabula." Naye baba akasema, "Najua haijaisha." Walizungumza kwa upole kiasi kwamba mtu asiyewajua angedhani wanapanga safari ya pamoja. Mara nyingi nimejiuliza kama wangegombana kwa sauti, wakarushiana hata sahani, pengine ningepata wa kumchukia, na kumchukia mtu mmoja kungenipumzisha. Lakini nilipanda gari la mizigo mikono ikinuka vitunguu vya mama, na hata kabla hatujafika Kahama nilikuwa nimeanza kuilia kelele ile ya mawe.

Sasa nifike kwa ng'ombe. Enzi zile, kwa Wasukuma wengi, karatasi ilikuwa jambo la serikali, lakini mtoto alifuata ng'ombe. Ng'ombe wa mahari wakibaki kwa kina mke, watoto ni wa baba yao. Wakirudishwa wote, hadi ndani ya zizi la mume, na mume akawapokea mbele ya mshenga, basi watoto ni wa kina mama. Wazazi wangu walipoachana, wazee walisema ng'ombe wakae walipo, kwa mjomba Masanja, kaka mkubwa wa mama, kule Kagongwa. Waliwaacha huko kwa ajili yangu, ili nibaki mtoto wa baba bila ubishi. Mama alipotoka Geita akilia, alikwenda kwa kaka yake huyo, na mjomba akamwambia, "Unahangaika na mahakimu wa nini? Mimi nitawarudisha ng'ombe."

Wakaja asubuhi moja ya mwezi wa saba, katikati ya msimu wa kununua pamba. Baba alikuwa kituoni kwenye mizani yake, na bibi alikuwa amekwenda kisimani. Nilikuwa naanika matobolwa juu ya mkeka, viazi vile vya kuchemsha ambavyo tukishavikausha tunakaa navyo hadi masika, niliposikia kengele. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara mwaka uliotangulia, kuta za nyumba zilikuwa bado hazijakandikwa vizuri, lakini zizi Baba Mdogo alilimaliza kabla ya kila kitu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hana mke, hana ng'ombe hata mmoja wa kwake, na aliwapenda ng'ombe kuliko alivyopenda sabuni. Mjomba Masanja alikuwa mbele ya kundi, mshenga nyuma, mzee wa watu anachechemea kwa mwendo wa siku mbili.

"Mwangaluka!" mjomba alisalimia.

"Mwangaluka!" Baba Mdogo alijibu kutoka zizini. "Hawa ni wa nani?"

"Ni wenu, shemeji. Tumewarudisha."

"Wote?"

"Hata mmoja hakubaki."

Nilimwona Baba Mdogo akijifuta mikono kwenye kaptura kama mtu anayekaribishwa mezani. Hakuuliza kwa nini. Alivuta miti ya lango, mmoja baada ya mwingine, akaitupa kando, akaanza kuwaita ng'ombe kwa majina aliyowabunia palepale. Bibi alitokea na ndoo kichwani. Aliitua bila kuiangalia, maji yakamwagika yote, akapiga ukelele ambao mpaka leo naweza kuusikia nikitaka: "Shija! Watoe! Watoe nje!" Lakini walikuwa wameshaingia, na mmoja alikuwa ameshaanza kulamba chumvi. Mshenga alisema neno moja tu, "Nimeona," akageuka na fimbo yake. Baba Mdogo alibaki akimtazama bibi kwa mshangao. Nadhani alitegemea achinjiwe jogoo.

Baba aliporudi, jua likiwa bado halijazama, alikwenda moja kwa moja zizini akasimama. Hakupaza sauti, hajawahi.

"Shija, unajua umefanya nini?"

"Nimewaingiza ng'ombe wetu, kaka."

"Umewaingiza ng'ombe. Umemtoa Kabula."

Nimemcheka Baba Mdogo kwa jambo hilo miaka yote, tumemtania harusini, tumemtania hospitalini, na yeye mwenyewe alikuja kucheka. Siku ile hakucheka mtu. Aliingia zizini akajaribu kuwasukuma watoke, mwanaume mzima analia, na ng'ombe kwa kuwa walikuwa wamechoka na safari hawakutaka kwenda popote.

Wazazi wangu waliitwa tena kwa hakimu, safari hii kwa mmoja tu, na wazee washauri wa mahakama wakaulizwa mila inasemaje. Wakasema ng'ombe wamerudi, wamepokelewa, mshenga ameona. Hakimu akaziweka karatasi zote mbili pembeni na kuandika ya tatu. Mama alinikumbatia pale nje mpaka nikakosa pumzi. Nilimwona baba akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Furaha yangu ilikuwa kubwa na aibu yangu ilikuwa kubwa vile vile, na nilikuwa nikiwaza tu kama chumba cha Geita bado kina nafasi yangu nyuma ya kanga, ndipo mjomba alipokuja akanishika bega.

"Twende, Kabula. Kagongwa ni mbali."

"Kaka," mama alisema, "anakwenda na mimi Geita. Si ndivyo tulivyosema?"

"Tulisema arudi upande wetu. Amerudi. Ng'ombe wametoka zizini kwangu, mtoto atakaa nyumbani kwangu. Geita watu wanakwenda kuchimba. Utamlelea wapi mtoto wa kike, kwenye mashimo?"

Mama aliniachia mkono. Alikuwa mdogo wake, na mbele ya watu. Sidhani kama alikuwa amewahi kufikiria hata siku moja kwamba ng'ombe wale wangemfanya mtoto awe wa Masanja na si wake. Baba naye alikuwa amesimama hatua chache, akasikia yote. Ndiyo mara ya kwanza katika mwaka ule kuwaona wamevaa uso mmoja.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, na siandiki hapa ili wajukuu zake wanichukie. Alinilisha. Kwake nilikunywa maziwa ya mgando mengi kuliko nilivyowahi kunywa popote, na mke wake, Mama Nkwimba, alinipa shuka jipya kabla ya kuwapa watoto wake. Nililala kwenye chumba cha kuhifadhia karanga pamoja na mabinti wawili, na harufu ya karanga mbichi hadi leo inanitia huzuni bila sababu, nikiwa sokoni, mbele ya watu. Shuleni sikupelekwa. Kila Mama Nkwimba alipouliza, mjomba alisema, "Shule itakuwepo tu, haikimbii." Nilibeba mtoto mgongoni, nikatwanga, nikateka maji, na kazi ikiisha nilikwenda kusimama kando ya barabara. Gari likitokea upande wa Isaka nilijiambia ni baba. Likitokea upande wa Kahama nilijiambia ni mama. Kabla ya hapo nilikuwa nikikaa kwa mmoja na kumlilia mwingine. Sasa niliwalilia wote wawili, na nilishangaa kuona kwamba machozi hayakuongezeka. Yalipungua. Nilianza kusahau sauti ya baba akisoma gazeti, na hilo liliniogopesha kuliko kitu chochote.

Mwezi wa kumi alikuja mgeni kutoka Bukombe, mtu wa makamo mwenye baiskeli mpya na saa ya mkononi. Niliwapelekea maziwa, nikapiga goti, nikatoka, na nikiwa bado nyuma ya mlango nikamsikia akiuliza, "Na huyu?"

"Huyu ni wa dada yangu. Bado mdogo."

"Anakua vizuri."

"Miaka miwili, mitatu. Haraka ya nini?"

"Basi nitakuwa nakuja kunywa maziwa," mgeni alisema, wakacheka wote wawili.

Nilijua wananizungumzia mimi, na nilifurahi. Hilo ndilo jambo linaloniuma ninapoandika. Hakuna aliyekuwa amenisifu tangu nifike pale, nami nikatembea siku mbili nzima nimenyoosha shingo kwa sababu mtu mwenye saa amesema ninakua vizuri.

Mama alikuja mwezi huo huo, na gauni la maua na sukari ya kumpa wifi yake. Tulikaa nyuma ya nyumba, kichwa changu katikati ya magoti yake, akinisuka twende kilioni. Sijui kama kuna mahali duniani pazuri kuliko pale mtoto anapokaa akisukwa na mama yake. Humwoni uso lakini yuko kila upande. Nilikuwa nimemwekea habari zangu zote, nikaanza kuzimwaga: mbuzi aliyezaa mapacha, jino langu, Nkwimba anayekojoa kitandani. Kisha nikamsimulia kwa majivuno habari ya mgeni wa Bukombe, nikamwigiza hata kicheko chake.

Mikono yake ilisimama.

"Mjomba akasemaje?"

"Akasema miaka miwili, mitatu. Haraka ya nini."

"Na shule unakwenda?"

"Mjomba amesema itakuwepo tu."

Alimaliza kusuka, lakini mistari ya mwisho aliivuta sana, na kichwa kiliniuma siku tatu. Alipoondoka hakupanda gari la kurudi Geita. Nilimwona akienda kwa miguu njia ya nyumbani kwa mshenga.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, wazee walikutana uani kwa mjomba. Mama ndiye aliyewaita kupitia mshenga, na baba alikuwa amekuja, amekaa kwenye kigoda upande wa wageni. Wanawake tulikaa chini kwenye mikeka karibu na ghala. Mjomba alidhani dada yake amekuja kumdai mtoto ampeleke Geita, naye alikuwa amejitayarisha kwa hilo. Mama alisimama. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Wazee wangu, shikamooni. Nimekuja kusema kwamba ng'ombe wale walirudishwa kwa hila."

Wazee waligeuka kumtazama mjomba.

"Tulijua Baba Kabula hayupo. Tuliijua siku ya mizani, na siku hiyo hiyo tukaichagua. Mimi ndiye niliyemwambia kaka siku. Aliyefungua lango ni Shija, na Shija hana zizi, hana ng'ombe, hana amri ya kupokea kitu. Mwenye zizi hakuwapokea. Kwa hiyo ng'ombe hawajarudi, na mtoto ni wa baba yake."

"Mayu," alisema mzee mmoja, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya upole, "unajua unachosema? Unajifungia mlango mwenyewe."

"Najua, baba."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Huyu atasoma," mama alisema. Halikuwa jibu la swali lile, lakini hakutoa lingine.

Mjomba Masanja aliinuka. Alikuwa ameaibishwa mbele ya wazee wenzake nyumbani kwake mwenyewe, na dada yake wa tumbo moja. Akasema, "Sawa. Nitakwenda kuwafuata ng'ombe wangu. Lakini wewe usipige hodi hapa tena." Na hakupiga hodi pale tena, miaka kumi na tisa, mpaka siku Mama Nkwimba alipofariki. Hayo yote nimekuja kuyapima baadaye: kwamba asubuhi moja mama alimtoa mtoto, akamtoa kaka, akautoa ua aliozaliwa ndani yake, na kuondoka na kanga aliyovaa. Siku ile mimi niliyekaa mkekani nilisikia jambo moja tu. Nilisikia mama amesimama mbele ya watu na kusema mtoto si wake.

Tulikwenda barabarani watatu, mimi, baba na yeye, kungoja magari yetu, yeye upande huu wa barabara na sisi upande ule. Ilikuwa imenyesha, na baba alikuwa amevaa koti lake la kazini. Gari la mama lilitangulia. Akavuka barabara kuja kwetu, mikono ameinyoosha, akaniita, "Kabula, njoo uniage." Nikajificha nyuma ya baba. Nililishika lile koti kwa mikono miwili, nikaficha uso ndani yake, na baba alipojaribu kunitoa nikalishika zaidi, hadi nikasikia mshono ukilia.

"Kabula, muage mama yako," baba alisema.

"Mwache," nilimsikia mama. "Usimlazimishe, Baba Kabula. Mwache hivyo hivyo."

Utingo akapiga bati. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na mimi sikugeuka hata kulitazama.

Nilisoma. Nilipelekwa shule Januari iliyofuata, nikarudia darasa, nikaendelea hadi chuo cha ualimu. Mama nilimwona tena baada ya miaka minne, kisha mara moja moja wakati wa likizo, tukiheshimiana, tukiulizana habari za afya. Lile la Kagongwa hatukuligusa. Nililibeba kifuani kama mtu aliyemeza kokwa, mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza na kumpeleka Geita amwone bibi yake. Mama alikuwa amemkalisha mjukuu kwenye beseni, anamwogesha, akimmwagia maji mgongoni kwa kiganja, na niliona jinsi yule mtoto alivyoung'ang'ania mkono wake, maneno yakanitoka yenyewe.

"Mama, siku ile barabarani sikukuaga. Nilishika koti la baba."

"Nakumbuka," alisema.

"Nisamehe."

Aliendelea kumwogesha kidogo, kama vile hakunisikia. Kisha akaninyanyulia uso, akacheka, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Nilikuwa nashuka kule kwa kaka namwomba Mungu kitu hicho hicho. Ungenishika mimi, Kabula, ningeondokaje?"